Mistari Kumi na Mmoja ya Marehemu

Ilipofika siku yake ya nne mahabusu, nesi Imas Nuraeni alikuwa ameacha kulia, na Mkaguzi Rohaeti Wiganda hakulipenda hilo hata kidogo. Anayelia bado ana tamaa kwamba atasikilizwa. Huyu alikaa tu, mikono mapajani, akiutazama ukuta wa kituo cha polisi.

Rohaeti alikuwa na miaka hamsini na mitatu, goti bovu la kulia, na kitambulisho cha ofisi ya usalama wa vifaa vya tiba ambacho askari wa Bandung, Indonesia, walikipokea kwa ncha za vidole. Inspekta Hutapea alimpa nusu saa.

"Nusu saa, Bu Rohaeti, na hapo nimekuheshimu," alisema mlangoni, akimwita Bu, yaani Mama, kwa adabu. "Kesho saa tatu asubuhi anasimama mbele ya hakimu. Kesi imeshaiva hii."

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Lilis, miaka ishirini na sita, alijifungua binti akiwa na kifafa cha mimba. Alifungiwa pampu ya dripu impe dawa ya kuzuia degedege: dozi ya kwanza nzito kwa dakika ishirini, halafu matone ya polepole hadi kesho yake. Pampu ikampa ile dozi nzito mara tatu. Kabla ya alasiri Lilis alikuwa hapumui. Shajara ya mashine, humo ndani inamojiandikia kila inachofanya, ilisema mara mbili: *Dozi imeanzishwa upya.* Hutapea aliamini kwamba pampu haijiwashi yenyewe, na nesi wa zamu alikuwa mmoja tu.

"Nieleze kitufe cha kuanzisha dozi," Rohaeti alisema. "Ukikibonyeza inakuwaje?"

"Inalia, Bu. Mara mbili, kwa nguvu. Mpaka vichanga vinashtuka. Tumelalamika sana."

"Siku ile ililia?"

"Nilipoianzisha, saa saba. Basi."

"Akina mama wangapi wodini?"

"Tisa."

"Polisi waliwauliza kama ililia tena?"

"Nani awaulize, Bu? Mimi mwenyewe sikuulizwa. Niliambiwa."

Rohaeti alikuwa amewauliza jana. Saba kati ya tisa walisema ililia mara moja tu. Hutapea alijibu kwamba mzazi aliyechoka si shahidi.

"Kuna kitu hujakisema," Rohaeti akamwambia. "Kila ukifika pale ulipomkimbilia, unaruka."

Imas akatazama kucha zake. "Utaniona mwongo."

"Nimeona waongo wengi. Sema."

"Kioo cha pampu kiliandika sifuri. Chupa imebaki robo, na kioo kinasema dawa iliyotolewa ni sifuri. Nikadhani ni macho yangu. Sikuandika popote. Nilikuwa namkandamiza kifua, Bu, ningeandika kwa mkono gani?"

Rohaeti aliliandika neno *sifuri* na kulipigia mstari. Alipoinuka, goti likamlalamikia, akashika meza.

"Bu," Imas aliita. "Yule mtoto ananyonya kwa nani?"

"Shangazi yake anampa maziwa ya kopo."

Imas aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, akaugeukia tena ukuta wake.

* * *

Kampuni iliyotengeneza pampu ilikuwa na ghorofa mbili nyuma ya barabara ya Dago, na mkuu wake wa uhandisi, Suryaman, aliyeitwa Pak, yaani Bwana, alikuwa mtu wa kukupokea kwa mikono miwili. Alimwekea Rohaeti kahawa, akamfungulia kopo la biskuti za nanasi.

"Chukua, Bu. Za Idi hizi."

"Idi imepita mwezi mzima."

"Mke wangu anaoka kama tunaoza binti." Alicheka peke yake, akasukuma mbele karatasi. "Haya, hii ndiyo uliyoifuata. Pampu kumi, saa elfu nne za majaribio kwa jumla. Hazikusita hata mara moja. Namhurumia yule nesi, wallahi namhurumia, lakini mashine yetu ni safi."

Rohaeti hakugusa biskuti. Alisoma karatasi kuanzia chini kwenda juu, kama alivyozoea, kwa sababu watu huficha mambo chini wakitumaini msomaji atachoka.

"Majaribio yalikwisha ishirini Ramadhani."

"Naam."

"Programu niliyoikuta kwenye pampu ya hospitali imefungwa ishirini na nane Ramadhani."

Suryaman akanywa kahawa yake.

"Siku nane hizo mlifanya nini, Pak?"

"Usafi tu. Kabla ya bidhaa kutoka tunaondoa takataka za kazini. Ndiyo taratibu. Kila mwenye fani anafanya hivyo."

"Kwa hiyo mliyoijaribu siyo mliyoiuza."

"Bu, Bu. Ukifagia nyumba inakuwa nyumba nyingine?"

"Niitie aliyeshika ufagio."

Aliyeshika ufagio aliitwa Nandang, miaka ishirini na saba, mwembamba, kucha zimetafunwa mpaka kwenye nyama. Yeye ndiye aliyerithi kiini cha mfumo, ile programu ya ndani kabisa ya pampu inayogawa kumbukumbu na zamu kwa programu nyingine zote. Alikirithi kwa Endi Kusnadi, mwalimu wake, ambaye vijana wa kazini walimwita Kang, kaka, aliyefariki mwezi wa Muharramu kwa ugonjwa wa ini. Alitoa karatasi ndefu yenye mabadiliko yote ya ishirini na nane Ramadhani. Kulikuwa na mistari mia tatu hivi, mingi ya kubadili majina na kupanga nafasi. Katikati, mistari kumi na mmoja ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu.

"Hii ilikuwa inafanya nini?"

"Haifanyi kitu, Bu. Inaandika tu. Kila ukurasa wa kumbukumbu unapochukuliwa au kurudishwa, mistari hii inaandika hesabu kwenye shajara. Ni jicho la fundi. Kang Endi aliiweka wakati fulani alipokuwa anatafuta kosa."

"Kosa gani?"

"Pampu moja hapa kazini ilikuwa inasahau hesabu ya dawa. Mara moja kwa wiki, mara moja kwa mwezi, huwezi kubashiri. Akaweka mistari hii ajue linatokea wakati gani. Kosa halikurudi tena. Miezi minane, hakuna kitu. Tukajua limekwisha."

Juu ya mistari ile Endi alikuwa ameacha maneno, kama mafundi wa programu wanavyoachiana: *Ya muda. Nitaiondoa mwenyewe.*

Nandang alimwona akiyasoma. "Hakuwahi," alisema polepole. "Nikasema nimkamilishie kazi yake."

Rohaeti alivua miwani. Kabla ya kazi hii alitengeneza mitambo ya simu kwa miaka kumi, ile ya zamani ya kugongagonga, na alijua jinsi hitilafu nyingine zinavyotulia ukizisimamia na kurudi ukigeuza mgongo.

"Kuandika kunachukua muda?"

"Kidogo mno, Bu. Hauonekani."

"Lakini unachukua."

"Ndiyo."

"Na pampu ina prosesa ngapi, zile akili zinazoiendesha?"

"Mbili."

"Moja ikiwa inaandika, inakuwa imefanya nini?"

"Imechele—" Mkono wa Nandang uliokuwa unaelekea mdomoni ukabaki hewani. "Imechelewa," alimaliza.

"Nieleze mimi kama unamweleza mtu wa wodini."

Akajikaza, akavuta kiti. "Chukulia kumbukumbu ni vitanda. Kiini ndiye anayegawa vitanda. Kila kitanda kina kibao cha hesabu, wangapi bado wanakihitaji. Hesabu ikifika sifuri, kitanda kinatandikwa upya na kupewa mwingine. Sasa prosesa ya kwanza inatazama kibao, inaona moja, inasema kitanda bado kina mwenyewe, ngoja na mimi nijiandike. Lakini kati ya kutazama na kujiandika pana pengo. Ndani ya pengo lile prosesa ya pili inapita, inapunguza moja, inakuwa sifuri, kitanda kinatandikwa, anawekwa mgeni. Ya kwanza haijui. Inaendelea kukitumia kama chake."

"Na kikitandikwa?"

"Kinafutwa. Chote kinakuwa sifuri."

"Hesabu ya dawa iliyokwisha kutolewa inakaa kitanda gani?"

Nandang alifunga macho. "Inakaa humo, Bu. Ikisoma sifuri, pampu inaamini haijatoa kitu. Inaanza dozi ya kwanza tena. Yenyewe, bila kitufe."

"Bila kulia."

"Kitufe ndicho kinacholia."

"Na pengo hilo huwa mnalizuiaje?"

"Kwa kufuli. Ukitaka kutazama kibao unashika kufuli kwanza, huiachii mpaka umejiandika. Mwenzako anasubiri nje. Kutazama na kujiandika kunakuwa tendo moja. Pana mahali mtu aliisahau kufuli, na kiini kina mahali zaidi ya arobaini. Kumbe mistari ya Kang Endi ilikuwa inaichelewesha prosesa moja tu, zikapishana bila kukutana ndani ya pengo." Alitazama wino mwekundu. "Nimeua mtu, Bu."

"Ngoja kwanza," Suryaman aliingilia, na mikono miwili ya mapokezi sasa ilikuwa imekunjwa kifuani. "Hiyo ni hadithi nzuri, lakini ni hadithi. Mahakamani watasema ionyeshe."

Alikuwa na haki, na alijua. Waliwasha pampu sita mezani zikiwa na programu ileile ya hospitali, maji badala ya dawa, kuanzia saa nne asubuhi. Adhuhuri ilipoadhiniwa zote sita zilikuwa zinadondosha maji kwa adabu. Saa nane mvua ilianza, na bado hakuna iliyosahau kitu. Kosa la namna ile lingeweza kulala miezi. Imas alikuwa na mpaka kesho saa tatu.

Rohaeti aliirudia karatasi, safari hii chini kabisa. Kanuni ya kampuni ilikuwa wazi: hakuna mstari unaoingia wala kutoka kwenye kiini bila watu wawili, anayebadilisha na anayehakiki. Majina mawili yalikuwepo. *Nandang, saa tisa na dakika kumi na mbili. Euis Komalasari, amehakiki, saa tisa na dakika kumi na mbili.*

"Sekunde zimeandikwa pia," alisema. "Kati ya jina la kwanza na la pili ni sekunde arobaini. Huyu Euis anasoma mistari mia tatu kwa sekunde arobaini?"

Alishusha kidole kwenye namba za mashine zilizoandikwa kando ya majina.

"Na majina yote mawili yametoka kwenye mashine moja. Yako, Nandang. Nipe kitabu cha likizo, Pak."

Kitabu kilisema Euis aliondoka kwenda kwao Garut tangu tarehe ishirini na sita.

"Watu wawili, kiti kimoja," Rohaeti alisema. "Na mmoja yuko Garut."

"Aliniachia nywila yake," Nandang alisema. "Kila mtu anaacha, Bu, ukitaka kuwahi nyumbani kabla ya Idi. Tangu chuo tunawekeana sahihi za mahudhurio. Unamwambia mwenzako niwekee, anakuwekea. Hakuna anayeona ni kitu."

"Angesoma mwenyewe, angeona?"

Kijana alimtazama Suryaman, Suryaman akatazama biskuti.

"Teh Euis, dada yetu wa kazini, ni mjane wa Kang Endi," Nandang alisema. "Kama kuna mtu marehemu alimwambia neno kuhusu mistari ile, ni yeye."

* * *

Euis Komalasari alikuwa ghorofa ya chini, karibu na dirisha. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, kilemba cha kijivu, meza safi. Mvua ilikuwa imeufunika mlima, hakukuwa na cha kutazama nje, lakini alikuwa anatazama. Suryaman aliwafuata nyuma bila kualikwa.

"Teh Euis, huyu ni Bu mkaguzi," alisema haraka. "Si lazima ujibu chochote bila mwanasheria wa kampuni."

"Kwani nina la kuficha, Pak?" Akamgeukia Rohaeti. "Ni habari ya yule mzazi. Namwombea kila swala, Bu. Na yule nesi pia, masikini, maana kuchoka kunaua. Lakini pampu usiitilie shaka. Kiini chake amekitengeneza mume wangu."

"Alikuwa na wasiwasi nacho?"

"Alikuwa na wasiwasi na kila kitu. Ndiyo maana kilikuwa kizuri."

"Kuna mistari kumi na mmoja aliiweka."

Uso wa Euis ukalainika, kama mtu aliyetajiwa mtoto wake. "Unaijua? Ile ndiyo iliyoituliza. Alijua haijatibu, imetuliza tu. Aliniambia akiwa kitandani hospitalini, sauti haitoki tena. Euis, mistari ile ni kidole kwenye tundu. Usiache mtu akitoe mpaka kufuli ipatikane. Alikuwa amebakiza sehemu mbili za kuangalia."

"Ulimwambia nani?"

"Nimwambie nani? Kila badiliko la kiini linapita kwangu. Mimi ndiye mhakiki. Hakuna anayeweza kuigusa nisijue."

Rohaeti alikuwa amefanya kazi hii miaka mingi, na bado alitamani wakati ule mtu mwingine aishike karatasi ile. Aliilaza mezani.

Euis aliisoma kwa kidole. Kidole kilifika kwenye wino mwekundu, kikasimama. Kikashuka mpaka chini, kwenye jina lake. Kikakaa hapo.

"Mimi sikuona hii," alisema.

"Najua."

"Ishirini na nane nilikuwa Garut."

"Najua, Bu Euis."

Mlangoni Nandang alikuwa amesimama, machozi yanamtiririka bila kuyafuta. "Ni mimi, Teh. Uliniachia nywila. Aliandika ataiondoa mwenyewe, nikaona sasa hayupo, nani atamwondolea? Nilitaka kiini chake kitoke kikiwa safi. Nisamehe, Teh."

Wote walingoja ampigie kelele. Euis akamwonyesha kiti kilicho kando yake.

"Njoo ukae, Nandang. Umesimama kama mgeni."

"Teh Euis," Suryaman alisema kwa upole mwingi, "fikiri vizuri. Hakuna aliyesikia ulichosema hapa isipokuwa sisi. Majaribio yamepita. Yule nesi atapata wakili mzuri, kampuni itamlipia. Ukisema ulijua, ni wewe. Na jina la Kang Endi litaburuzwa mahakamani kwamba aliacha tundu."

Rohaeti alikuwa na la kusema, kwamba kuna mwanamke anatazama ukuta katika kituo cha polisi na kwamba kesho saa tatu si mbali. Lakini aliona kuwa Euis analijua hilo bila kuambiwa.

"Pampu ziko wapi?" Euis aliuliza.

Walipanda juu. Euis alikaa mbele ya mashine ya Nandang, akaingia kwa nywila yake, na kwa dakika chache hakukuwa na sauti ila ya vidole vyake na mvua.

"Mnangoja litokee lenyewe, mtangoja mpaka Idi nyingine," alisema bila kugeuka. "Mistari yake ilikuwa inaliziba pengo. Mimi nitalipanua. Naiambia prosesa ya kwanza, ukishatazama kibao, lala kidogo kabla ya kujiandika. Kama sehemu hiyo ina kufuli, hata ikilala mwaka mzima hakuna kitakachoharibika. Kama haina, tutaliona sasa hivi."

"Na sehemu ni mbili," Rohaeti alisema.

"Mbili."

Ya kwanza ilikuwa pale kioo kinapoomba hesabu ya dawa. Waliweka dozi fupi ya majaribio, dakika mbili, maji yakidondokea kwenye glasi ya kupimia. Dozi ikaisha, pampu ikahamia matone ya polepole. Walingoja dakika kumi. Hakuna kitu. Suryaman alianza kupumua vizuri, akasema kwamba labda sasa Bu mkaguzi ataikubali biskuti.

Euis aliondoa alichoandika, akakipeleka sehemu ya pili, pale shajara inapohifadhi hesabu kila dakika. Pampu ikawashwa tena.

Dozi ikaenda. Kioo kiliandika kumi, ishirini, thelathini, arobaini, kikahamia matone. Glasi ilikuwa imefika kwenye alama. Kwa nusu dakika hivi mambo yalikuwa sawa, na Rohaeti alianza kuufikiria uso wa Hutapea. Halafu tarakimu za kioo zikabadilika.

*Imetolewa: 0.*

Mota ikakaza. Hakuna kilicholia. Maji yakaanza tena kumiminika kwa kasi ya dozi ya kwanza, yakapita alama, na kwenye shajara ukatokea mstari mmoja: *Dozi imeanzishwa upya.*

Kila mmoja pale angeweza kunyoosha mkono na kuizima, na hakuna aliyenyoosha. Waliyatazama maji yakipanda. Nandang aliinamisha kichwa mezani. Ilipoanza mara ya tatu Rohaeti mwenyewe aliibonyeza ikazimika, kwa sababu alikuwa anamwona Lilis amelala chini ya mrija ule na hakuweza kuendelea kutazama.

Alimpigia Hutapea. "Njoo Dago sasa hivi. Na mtu wa kurekodi." Halafu akamgeukia Suryaman. "Pampu ngapi ziko wodini na programu hii?"

"Mia mbili na kumi."

"Zizimwe zote. Piga simu hospitali moja baada ya nyingine, mimi nipo nasikiliza. Anza."

Alipiga. Alikosea namba mara mbili, na kwa mara ya kwanza siku ile Rohaeti alimwonea huruma kidogo.

Euis hakuwa amesogea. Alifungua sehemu ile ya pili, akasoma juu, akasoma chini, akaongeza mstari mmoja wa kushika kufuli kabla ya kutazama kibao na mmoja wa kuiachia baada ya kujiandika. Usingizi aliouweka akauacha palepale. Pampu iliwashwa, ikalala na kuamka, ikalala na kuamka, na hesabu haikupotea. Waliingoja nusu saa.

"Mistari miwili, Kang," alisema, na hakuwa anasema na mtu yeyote chumbani. "Ilikuwa mistari miwili tu."

Hutapea alifika amelowa mpaka soksi. Alitaka aonyeshwe, akaonyeshwa. Akataka tena, bila ile kufuli, akaonyeshwa. Ya tatu alipiga magoti akaweka sikio kwenye pampu asikie kama italia, na haikulia. Alipoinuka alitoa simu, akapiga kituoni.

"Yule nesi, Imas. Mtoeni. Hapana, leo. Mpeni chai kwanza, na mtu amfikishe kwao, asiende peke yake." Alifunga simu, akasafisha koo. "Nilisema imeiva, siyo?"

"Ulisema," Rohaeti alijibu.

"Basi." Akavuta kiti, akafungua faili lililolowa pembe na kumpa Rohaeti karatasi ya maelezo. "Nahitaji maelezo. Na nahitaji jina. Hakimu ataniuliza, ni nani alipaswa kuliona hili?"

"Endi Kusnadi," Suryaman alisema upesi, mkono umeziba simu. "Kiini ni chake. Kufuli aliisahau yeye. Marehemu hafungwi, Inspekta, hakuna atakayeumia."

"Mimi ndiye niliyefuta," Nandang alisema. "Andika mimi."

"Lako nitaliandika," Rohaeti alimwambia. "Aliyepaswa kuliona ni mhakiki." Akamgeukia Euis, na aliyosema yalimtoka kwa shida. "Bu Euis, nikiandika ulichoniambia kule chini, kazi imekwisha. Na huenda siyo kazi tu. Mume wa Lilis ana haki ya kukushitaki. Unaweza kungoja mwanasheria."

"Nesi alingojea mwanasheria?"

"Hapana."

"Basi andika." Euis alikunja mikono juu ya meza. Hakulia. "Mume wangu alilala hospitalini siku kumi na tisa. Hakuniachia wosia, hatukuwa na vitu. Alinikabidhi kitu kimoja nikilinde. Ilikuwa Idi yangu ya kwanza bila yeye, nikasema niwahi, barabara zitajaa magari. Nikampa Nandang jina langu aniwekee. Saa ile mistari yake inafutwa, Bu, mimi nilikuwa Garut namfagilia kaburi."

Rohaeti aliyaandika yote kama yalivyosemwa. Kisha akaigeuza karatasi, akampa kalamu, na Euis akasoma kila mstari kabla ya kutia sahihi.